Kura ya Mwenye Wivu

Wanaume wa Vandorn hawawezi kunywa kahawa bila kumtaja Karla Overbeck. Nalijua hilo kwa sababu kahawa wanainywa kwangu. Mgahawa huu ni wangu, na kabla yangu ulikuwa wa mama, pale pale mbele ya mahakama ya wilaya. Kila majira ya baridi, mahindi yakishaingia ghalani na mashamba yakabaki mabua matupu, wanaume hao hawana kazi nyingine ila kukalia viti vyangu na kubishana juu ya mpira wa kikapu. Wakichoka na vijana wa sasa, wanarudi kwa Karla. Kwamba hajazaliwa mwingine kama yeye. Kwamba akiruka, ungeweza kwenda kununua bisi, ukarudi, ukamkuta bado yuko hewani. Mimi nawamiminia kahawa, na siku nyingine nawamiminia iliyopoa, kwa makusudi.

Kilichoniudhi zaidi miaka yote ni kwamba ukutani, kwenye ukumbi wa michezo wa shule yetu, jezi iliyotundikwa ilikuwa yangu. Namba thelathini, na chini yake jina langu kamili, Nadine Fleenor. Jezi ya Karla, arobaini na nne, haikuwapo. Hata hivyo, simama mlangoni pale umuulize mtoto yeyote Karla ni nani, atakueleza mpaka uchoke. Muulize Nadine ni nani, atakwambia ni yule mama wa mgahawa.

Huku kwetu Indiana kusini kila mji una kanuni zake za mpira, na ya Vandorn ni hii: jezi haitundikwi kwa ajili ya pointi. Inatundikwa ya mtu aliyekuwa uwanjani honi ya mwisho ilipolia, katika mchezo ulioleta kombe la kanda. Kila kombe, jezi tano. Wengine wote wanabaki kwenye picha ya timu, na picha iko karibu na choo. Hakuna anayekumbuka ni nani aliyeiweka kanuni hiyo, lakini watu wanaiheshimu kuliko taa za barabarani. Ikitakiwa aongezwe mtu wa sita, wale watano wa kombe hilo walio hai lazima wote wakubali, tena kwa mdomo, mbele ya watu. Mmoja akisema hapana, imekwisha.

Wasichana wa Vandorn wamepata kombe la kanda mara moja tu, na mimi nilikuwapo.

Miaka yote ya kabla yake tulibebwa na Karla, na kila mwaka tulianguka mlangoni. Alikuwa akifunga pointi nyingi kuliko timu nzima ya wapinzani, halafu tunashindwa kwa kikapu kimoja, tunapanda basi, tunarudi kimya. Ndipo ubishi ulipoanza mjini. Wako waliosema nyota asiyeleta kombe ni sifa tupu, kidole kimoja hakivunji chawa. Wengine wakauliza: mlitaka ajipasie mwenyewe?

Mwaka wetu wa mwisho shuleni tulifika tena kwenye kanda. Wakati huo michezo miwili ilichezwa siku moja, nusu fainali asubuhi, fainali jioni. Asubuhi ile Karla alicheza mchezo ambao mpaka leo sijauona kwa mtu mwingine, na nasema hivyo huku meno yakiniuma. Mchezo ukiwa umekaribia kwisha, tukiwa tunaongoza, alishuka na mpira mikononi akakanyaga mguu wa mtu, goti likageuka. Nilikuwa kwenye benchi na nikaisikia sauti ya goti lile.

Jioni aliletwa akakalishwa mwisho wa benchi, mguu juu ya kiti, mfuko wa barafu juu ya goti. Kocha Rusk alipitisha macho kwenye safu yetu sisi wa akiba, yakaishia kwangu, kama mtu aliyekuwa anatafuta funguo akapata kijiko. Akasema, haya, ingia. Nilicheza mchezo mzima. Mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, nikagongwa nikielekea kikapuni, mwamuzi akanipa mitupo huru miwili. Wa kwanza ulizunguka juu ya chuma mpaka nikazeeka, kisha ukaingia. Wa pili ulipita bila kugusa kitu. Wakatupandisha kwenye gari la zimamoto, wakatuzungusha mjini kwenye baridi na king'ora kikilia, na watu wametoka na mablanketi kushangilia. Wakati huo Karla alikuwa hospitalini.

Mtu angedhani ubishi uliishia hapo. Wapi, ndio kwanza ulipata kuni. Upande mmoja wakasema: mmeona? Walikuwa wanazuiwa na yeye, mpira ulikuwa unaganda mikononi mwake, alipoondoka tu wakashinda. Upande wa pili wakasema: na jioni ile walifikishwa na nani? Nimewasikia pande zote mbili kwa maisha yangu yote ya utu uzima, nikiwa nimeshika birika. Ungefikiri upande wa kwanza ni wangu. Lakini hata hao, wanaposhikilia hoja yao, hawasemi Nadine alifunga. Wanasema, “Tazama, hata akina Nadine walishinda.” Hata akina Nadine! Jina langu ni la kupimia udogo wa kitu.

Basi Karla alikwenda chuo kikuu huko juu kaskazini, goti halikumruhusu kucheza kama zamani, akasomea kazi ya kunyoosha viungo vya watu, akafanya kazi mijini. Mwaka juzi alirudi Vandorn kumtunza mama yake, akafungua chumba chake cha tiba palipokuwa na duka la viatu. Nusu ya mji sasa ina maumivu ya goti. Mume wangu Wendell naye goti lilimwanza wiki ile ile. Kila Jumanne anakwenda, analazwa kwenye meza, anakunjwa na kunyooshwa, anarudi nyumbani akipiga mluzi. Mimi nampikia mtu huyu tangu tukiwa vijana na sijawahi kusikia mluzi kwa ajili ya chakula changu.

Haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu siku Dale Snoddy, mwalimu wa michezo, alipoingia mgahawani na kofia mkononi. Alisubiri nimalize kuhudumia watu, kisha akasema kwa sauti ya msibani kwamba wangependa kuitundika jezi ya Karla msimu huu. Katika watano wetu mmoja yuko kaburini, na watatu walikuwa wamekwisha kukubali. Alikuwa amebaki mtu mmoja. Hakusema ni nani. Wanaume wote waliacha kutafuna, na nikasikia friji ikinguruma. Nikamwambia nitafikiri. Akaniambia mkutano ni Alhamisi, ukumbini, na kila mtu anakaribishwa. Maana yake kila mtu anakuja kukutazama wewe, Nadine.

Asubuhi iliyofuata Wendell alivumilia mpaka yai la pili.

“Utasemaje Alhamisi?”

“Nitasema nitakachosema.”

“Mke wangu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.”

“Karla si mnyonge.”

“Basi mpe haki yake tu, mambo ya kunyonga yaache.”

Nikamuuliza, kama kura ingekuwa yake, angefanyaje. Nilitaka angalau asite. Mume akisita kidogo inatosha, mwanamke anaweza kuishi na hilo.

“Ningempa,” alisema, na hata chai hakuwa ameimeza.

Nikachukua sahani yake. Akasema hajamaliza. Nikamwambia amemaliza.

Lakini nisikilizeni, mimi si mjinga. Ninayo akili ya mpira kuliko wanaume wote wanaojaza viti vyangu. Kocha Rusk hakutufundisha mbinu nyingine ila moja, mpe Karla. Ukiwaambia wasichana wanne wasimame pembeni wamtazame wa tano, halafu mkashindwa, aliyeshindwa ni nani? Kwenye mazoezi mimi ndiye niliyepangiwa kumkaba, kila siku, majira baada ya majira. Najua bega lake lilivyokuwa likishuka kabla hajageuka, na bado hakuna siku niliyomzuia. Mjini hapa hakuna anayeijua thamani ya Karla Overbeck kama ninavyoijua mimi, na hiyo ndiyo sumu yenyewe. Huwezi kumwonea gere mtu usiyemjua thamani.

Kwa hiyo kufikia Jumatano nilikuwa nimekwisha kuamua. Nitasema ndiyo. Lakini kwanza nitakwenda kumwambia mwenyewe, kwake, uso kwa uso, na atanishukuru. Nilitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mara moja tu katika maisha yetu, mimi nikiwa juu na yeye chini, aniambie asante. Nikapika pudini ya pasimoni, matunda ya mti wa nyuma ya nyumba yangu, nikaifunika kwa kitambaa kizuri, nikaenda.

Mama yake alikuwa amelala kwenye kiti mbele ya televisheni. Karla alinipitisha jikoni. Bado ni mrefu, bado mgongo umenyooka, na mvi zake zinampendeza, jambo ambalo lilinikera kabla sijaketi. Alipoiona sahani mikononi mwangu, alielewa. Hakunipa hata nafasi ya kuanza.

“Umekuja kwa ajili ya kesho,” alisema. “Nakuomba useme hapana.”

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Hapana, Nadine. Sema hapana, tumalize.”

“Kama hutaki, si ukatae mwenyewe?”

“Nikikataa mimi wataniambia nina maringo. Au watanibembeleza mpaka Pasaka. Wewe ukikataa watanyamaza.”

“Kwa nini wanyamaze?”

Alinitazama kwa upole, upole ule anaowatazamia watu wenye maumivu.

“Kila mtu anajua una wivu na mimi. Nani atashangaa?”

Niliitua pudini mezani kwa nguvu kiasi kwamba kijiko kiliruka. Karla alikiokota kijiko, akakisuuza, akakifuta taratibu, kisha akaanza kusema akiwa amenipa mgongo.

“Unaikumbuka mitupo yako miwili?”

Nikamjibu kwamba watu wengine hawana kingine cha kukumbuka.

“Nilikuwa naomba ukose.”

Televisheni ilikuwa inacheka sebuleni. Akageuka.

“Nilifumba macho. Watu wote kwenye benchi walidhani nakuombea heri. Nilikuwa namwambia Mungu, wasishinde bila mimi, tafadhali, wasishinde bila mimi. Ule wa kwanza ulipokuwa unazunguka pale juu, nilishaanza kushukuru. Ukaingia.”

“Na wa pili?”

“Wa pili nikalia. Gazeti likanipiga picha, wakaandika nalia kwa furaha.” Alikalia kiti. “Watu wanabishana, nipimwe kwa pointi au nipimwe kwa kombe. Wabishane wanavyotaka. Mimi kipimo changu nakijua. Timu yangu ilikuwa uwanjani na mimi nilikuwa naiombea ishindwe. Mtu wa namna hiyo hatundikwi juu ya timu.”

Alikuwa na neno moja zaidi.

“Na wewe nimekuonea gere tangu siku ile. Kila nikiingia ukumbini jambo la kwanza natazama thelathini yako.”

Nifiche nini? Nilifurahi. Mtu amenifungulia kidonda chake jikoni kwake na mimi nilitamani kucheza. Karla Overbeck, ananionea gere mimi! Nilimuaga kwa heshima, nikaingia kwenye gari, nikauzunguka uwanja wa mahakama pole pole, kisha nikauzunguka tena, na kila niliyepishana naye nilimpungia mkono. Nilikuwa nimesubiri maneno yale tangu ujana wangu bila kujua kama ndiyo ninayoyasubiri.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofika mlangoni kwangu. Hapo lile neno lake jingine lilianza kunitambalia. Kila mtu anajua. Nani atashangaa? Nilikaa jikoni na koti langu, nikalipindua pindua. Tazama alichokuwa anakitaka huyu mwanamke. Dhambi yake, na jalala niwe mimi. Nikisema hapana, yeye atalala na roho nyeupe kwa kuwa haki imetendeka, na mimi nitaamka nikiwa yule mchawi wa mgahawani. Tena watu watampenda maradufu. Maskini Karla, watasema, kanyimwa na yule mwenye kijicho. Hata jezi isipotundikwa, yeye ndiye atakayepanda na mimi ndiye nitakayeshuka. Nilikuwa nimekwenda pale kumpa zawadi, akanipa ndoo ya takataka zake nimbebee.

Basi ataipata, nikasema. Ataipata jezi yake, itaning'inia juu ya kichwa chake maisha yake yote, na kila atakapoiona atakumbuka alichokiomba.

Alhamisi ukumbi ulikuwa umejaa kama siku ya mchezo. Mtu fulani alikuwa amewasha hata mashine ya bisi. Dale alisoma majina ya wale watatu na majibu yao, kisha akasema jina langu na akaangalia chini. Wendell alikuwa ameketi pembeni yangu akivitazama viatu vyake, tayari ameona aibu kwa niaba yangu. Karla alikuwa safu ya mbele. Aligeuka, tukatazamana, akanitikisia kichwa kidogo sana. Alikuwa ananitia moyo! Kama angetazama kwingine, sijui ningesema nini siku ile.

Nikasimama.

“Asubuhi ile alitufikisha yeye,” nilisema. “Jioni tukamaliza sisi. Kombe halikuwa la jioni, lilikuwa la siku nzima. Nasema ndiyo.”

Hapo mtu angeweza kusikia bisi zikipasuka. Halafu makofi. Wanawake walifuta macho, wanaume walionibishania mbele ya kaunta yangu walinishika mkono kwa mikono yao yote miwili. Wendell alinitazama kama siku ya harusi, akanibusu kwenye paji la uso mbele ya mji mzima. Karla peke yake hakupiga makofi. Alikaa vile vile, mikono juu ya magoti, ameishiwa rangi.

Kusema kweli, maneno yangu yalikuwa ya haki. Naweza kuyatetea popote. Mpime mtu kwa timu yake, sawa, lakini ipime timu kwa siku nzima. Ila mdomo ulisema haki na moyo ulikuwa na shughuli zake, na sikuona sababu ya kuvikutanisha.

Wiki zile zilikuwa nzuri. Kanisani mchungaji alinitaja, bila jina lakini kila mtu aligeuka, kama mfano wa mtu aliyeishinda nafsi yake. Mgahawani hakuna aliyelalamikia kahawa. Wendell alikosa Jumanne moja ya goti lake akakaa nami kumenya viazi. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wakisema Nadine, bila “hata” na bila “akina”. Nilikuwa nalala vizuri. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema watu, na mimi nikajiona nimepata wivu unaonipa keki badala ya kamba.

Siku ya kutundika ilipangwa wakati wa mapumziko, mchezo wa wasichana dhidi ya Lickford. Walizima taa, wakabakiza moja. Jezi ikapandishwa kwa kamba mpaka ikafika pembeni ya yangu, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Ilikuwa mpya. Ile ya zamani ilikuwa imepotea, wakashona nyingine, nyekundu ya kung'aa, na nahisi ilikuwa kubwa kidogo. Ya kwangu pembeni yake ilionekana kama imefuliwa na maji ya kuoshea vyombo. Nikauma midomo. Lakini nikajiambia ngoja, ngoja aitwe aseme, tuone atakavyobabaika mbele ya watu na lile lililoko kifuani mwake.

Dale akamkabidhi kipaza sauti. Karla alisimama katikati ya uwanja, akauegemea mguu wake mzuri, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Akasema yote.

Hakupunguza kitu. Barafu juu ya goti, macho aliyoyafumba, alichomwambia Mungu, shukrani alizoanza kuzitoa mpira ulipokuwa juu ya chuma, picha ya gazeti. Akasema mtu yule yule ambaye yeye Karla alimwombea mabaya jioni ile ndiye aliyesimama kumpa kura yake, tena akijua, maana alikwisha kumwambia jikoni kwake. Akasema, “Mlikuwa mnauliza nani mkubwa kati yetu. Mimi nimejibu.”

Ukumbi ulinyamaza kwa muda ambao ulinipa matumaini. Niliwaza, sasa watamjua. Halafu mzee mmoja kule juu, sijui nani, akaanza kupiga makofi pole pole. Wa pembeni yake akasimama. Wakasimama safu nzima. Ukumbi wote ukainuka, wa Lickford nao, ambao hata hawakuwa wakijua habari yenyewe. Watu walikuwa wanalia. Wendell alikuwa analia, ameshika mdomo, na machozi yale sikuyaona hata alipomzika baba yake. Nilisikia nyuma yangu mwanaume mmoja akimwambia mwenzake kwamba moyo wa kusema vile mbele za watu hajapewa mwingine.

Nilitazama nyuso zile na roho yangu ikaniuma kuliko nilivyowahi kuumwa. Mwenzangu amesema wazi kwamba ana kijicho, na mji mzima umesimama. Mimi nimekibeba changu, kikubwa kuliko chake, cha miaka mingi kuliko chake, nimekifunika na kitambaa kizuri, na hakuna atakayekisimamia. Hata kwenye wivu alinizidi.

Alikuwa anakuja. Alivuka uwanja akichechemea kidogo, watu wakanisukuma mbele, tukakumbatiana chini ya zile jezi mbili na makofi yakazidi. Ananuka mafuta yale anayochulia watu. Alinibana, akaniambia sikioni, taratibu, bila hasira hata kidogo.

“Najua kwa nini ulisema ndiyo. Haya, sasa zamu yako. Utajisikia mwepesi.”

Akaniwekea kipaza sauti mkononi.

Watu wakakaa. Wakatulia kunisikiliza, nyuso zote zile, Wendell akiwa na leso, na zote zinanipenda. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, nayajua, nimewasimulieni sasa hivi bila kukwama. Karla alikuwa amerudi nyuma hatua chache kunipisha. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama kwenye mazoezi nikiwa sina mtu mbele yangu, kikapu kiko wazi, na mimi natafuta wa kumrudishia mpira.

“Asanteni,” nikasema, nikampa Dale kipaza sauti chake.

Wakanipigia makofi sana. Unyenyekevu wangu uliwagusa.